Ngozi na Makovu katika Fiziotherapia: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kutibu

Goti halikunji kupita digrii 70. Eksirei iko sawa, mfupa umeunga, misuli ya paja imenyooshwa wiki tatu mfululizo, na goniometa (kifaa cha kupima pembe ya kiungo) bado inasoma 70. Juu tu ya kifuniko cha goti kuna kovu la sentimita 9, limelala kutoka juu kwenda chini, na hakuna aliyeliwekea kidole. Ukiweka kiganja juu ya kovu, ukasukuma ngozi ya paja kuielekeza gotini kisha ukakunja tena, goti linafika 85. Digrii 15 zilikuwa zimeshikwa na ngozi, na wiki tatu za kunyoosha msuli hazikuigusa.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa fiziotherapia, wanafunzi wao, na wahudumu wanaopokea wagonjwa baada ya upasuaji au kuungua. Tunasisitiza mikono kuliko macho kwa sababu moja: maelezo mengi ya makovu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ambako wekundu unaonekana ukiwa mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi kovu linaweza kuwa bado linachemka ndani huku rangi yake ikionekana ya kawaida. Joto, ugumu na muwasho ndivyo vitakavyokuambia.

Ngozi inavyosafiri

Jaribu kwenye mwili wako. Nyoosha goti, chora nukta mbili kwa kalamu, moja juu na nyingine chini ya kifuniko cha goti, ziachane sentimita 10. Kunja goti hadi digrii 90, pima tena kwa tepu ya fundi cherehani. Nukta zimeachana zaidi. Nafasi hiyo yote imetolewa na ngozi: imevutika kidogo, na imeteleza juu ya mafuta na fashia (utando unaofunika misuli) iliyo chini yake. Jambo hilohilo hutokea nyuma ya kiganja unapokunja ngumi, na kwapani unapoinua mkono kufikia rafu.

Ngozi nzima (isiyo na jeraha) ina tabaka la juu jembamba linalozuia maji na vijidudu, na tabaka la kati lenye kolajeni (nyuzi imara za protini), nyuzi za kuvutika, mishipa midogo ya damu na ncha za neva. Chini yake yapo mafuta, kisha fashia. Kovu linaharibu mpango huu kwa namna mbili. Kwanza, kolajeni yake hupangwa kwa mafungu manene yaliyobanana, na nyuzi za kuvutika ni chache. Pili, tabaka ambazo zilikuwa zinateleza huunganishwa kama nguo iliyoshonwa pamoja na bitana yake kimakosa. Tatizo la kwanza linataka kunyooshwa. La pili linataka kutelezeshwa. Ukiyachanganya utafanya kazi kubwa upate kidogo.

Mwelekeo wa kovu nao una uzito. Mwaka 1861, huko Vienna, Karl Langer alitoboa ngozi za maiti kwa kifaa cha duara akaona matundu yanageuka ya mviringo uliorefuka, yakifuata mistari maalumu ya mvutano. Kovu linalolala sambamba na mistari hiyo huwa jembamba, linaloikata hupanuka. Kwa kazi yetu kanuni ni rahisi: kovu linalokatiza mkunjo wa kiungo (mbele ya kiwiko, nyuma ya goti, kwenye kiganja, mbele ya shingo) ni la kushughulikiwa mapema hata kama kwa leo linaonekana dogo.

Umri wa kovu

Usiguse kovu kabla hujajua lina siku ngapi. Siku chache za kwanza ni za uvimbe na usafi wa kidonda. Kuanzia kama siku ya 4 hadi wiki ya 3 mwili unajaza kolajeni changa kwa haraka, na zinatokea seli zinazovuta kingo za kidonda zikutane. Seli hizo ndizo zinazofunga kidonda, na hizohizo zikiendelea kuvuta ndizo zinazokunja kiungo. Baada ya wiki 3 unaanza ukarabati wa polepole unaochukua mwaka 1 hadi 2.

Nguvu ya kovu haiendi na muonekano wake. Wiki ya kwanza lina takriban asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya 3 linafika asilimia 20 hadi 30. Miezi 3 baadaye linakaribia 80, na halirudi 100. Kwa hiyo mshono uliotolewa nyuzi jana, hata ukiwa mkavu na umefunga vizuri, bado ni dhaifu sana. Mtu anayeuvuta kwa nguvu wiki ya pili anaupanua, na kovu pana halirudi kuwa jembamba kwa masaji.

Maswali kabla ya mkono

Uliza lini, kwa nini, na kilipona vipi. Kidonda cha moto kilichochukua zaidi ya wiki 3 kufunga kina hatari kubwa ya kuacha kovu nene. Kilichotunga usaha au kuachia nyuzi kitakuwa kimeshikamana zaidi na tishu za chini. Uliza kama kuna mtu wa familia mwenye keloidi (kovu linalokua kuvuka mipaka ya kidonda). Mwenyewe aangaliwe ndewe za masikio, kifua, mabega na kidevu. Uliza kisukari, dawa za kupunguza damu kuganda, na matumizi ya muda mrefu ya steroidi.

Kuna swali ambalo wengi hulikwepa kwa aibu: mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi au zebaki, na mtumiaji wa muda mrefu anaweza kuwa na ngozi nyembamba inayochanika kwa plasta au kwa kusuguliwa. Usiulize kwa sauti ya kuhukumu. “Dada, kuna mafuta au krimu yoyote unayopaka kubadilisha rangi? Nauliza ili nisikuumize ngozi ninapokutibu” inatosha, na mara nyingi utajibiwa kweli.

Utakutana pia na chale: mistari midogo, mingi, sambamba, kwenye goti, kiuno au bega. Ziheshimu kama historia ya ugonjwa. Zinaonyesha mahali palipouma na kwamba mtu huyu amekuwa akitafuta nafuu kabla ya kufika kwako. Muulize kwa adabu: “Mzee, hizi ni za lini? Zilisaidia?” Jibu lake litakupa muda halisi wa maumivu kuliko fomu ya mapokezi.

Kisha omba ruhusa. Kovu la upasuaji wa uzazi, la titi au la moto usoni si sehemu ya mwili ya kushikwa bila neno. Funika sehemu nyingine kwa kanga, mruhusu aguse yeye mwenyewe kwanza, na kama hataki kulitazama, andika hilo kwenye kadi; ni taarifa ya kitabibu.

Kutazama

Mwanga wa dirishani ni bora kuliko taa. Simama pembeni, utazame kovu kwa mshazari ili vivuli vionyeshe mwinuko na vishimo. Linganisha na ngozi ya upande wa pili wa mwili wake huyohuyo, kamwe si ya mgonjwa mwingine. Kovu changa kwenye ngozi nyeusi huonekana la zambarau, la kijivu au jeusi zaidi ya ngozi jirani, na hung'aa. Linapokomaa mng'ao hupungua na mikunjo midogo ya ngozi huanza kurudi.

Hapo tenganisha aina mbili zinazofanana. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya kidonda cha mwanzo, huinuka miezi ya mwanzo, kisha huweza kujishusha lenyewe ndani ya mwaka au mwaka na nusu. Keloidi huvuka mipaka ya kidonda, hupanda kwenye ngozi nzima, huendelea kukua na haijishushi. Ukipanga kuikanda keloidi kwa nguvu ukidhani ni kovu nene la kawaida, mvutano na msuguano vinaweza kuichochea.

Mwisho wa kutazama, mwambie asogeze kiungo mwenyewe huku ukiangalia kovu. Likizama kama kishimo anapokaza msuli, limeshikamana na kano au fashia. Likisimama kama kamba iliyokazwa, ni ngozi iliyofupika. Haya mawili yana tiba tofauti, na unayapata bila kifaa chochote.

Kugusa, hatua kwa hatua

Osha mikono, kata kucha. Usipake mafuta bado, kwa sababu mafuta yanaficha mshikamano.

1. Pitisha mgongo wa vidole vyako juu ya kovu kisha juu ya ngozi nzima jirani. Kovu lenye joto bado liko kazini. Kama joto limeongezeka ghafla na maumivu yamekuja nalo, fikiria maambukizi.

2. Gusa kwa pamba huku amefumba macho, kutoka ngozi nzima kuelekea kovu. Weka alama kwa kalamu pale ganzi inapoanzia na pale mguso wa kawaida unapogeuka kuwa wa kuchonyota.

3. Weka ncha za vidole viwili juu ya kovu, bonyeza kiasi cha kushika ngozi bila kuizamisha, sukuma. Fikiria uso wa saa, namba 12 ikielekea kichwani. Sukuma kuelekea 12, 3, 6 na 9, kisha pembe za katikati. Usiteleze juu ya ngozi. Ngozi isafiri pamoja na kidole chako. Andika upande unaogoma, mfano “linagoma namba 3 na namba 5, milimita 4, upande mzima milimita 12”.

4. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada, uliinue. Ngozi nzima inainuka kama kitambaa. Kovu lililoshikamana halibaniki, au linainuka na kuacha shimo katikati. Shimo hilo ndipo penye mshikamano wa ndani.

5. Viringisha mkunjo wa ngozi kwa vidole kuvuka kovu. Pale unapokwama, chora mstari.

Kovu refu pima kila sentimita 2 hadi 3. Mara nyingi urefu wote huteleza vizuri isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa kidole gumba, kwa kawaida pale palipokuwa na mrija wa kutolea maji au palipotunga usaha. Hiyo ndiyo sehemu ya kutibu. Kulisugua kovu zima kwa usawa ni kupoteza dakika za mgonjwa.

Ni ngozi, ni kano, au ni kiungo?

Hili ndilo jambo ambalo likikosewa, yote yanayofuata yanakosewa.

Pima mwendo wa kiungo kwa goniometa mgonjwa akiwa amelegea. Kisha legeza ngozi: kusanya ngozi kwa viganja kuielekeza kwenye kiungo, pima tena. Goniometa yenyewe inaweza kukosea hadi digrii 5, kwa hiyo hesabu tu ongezeko linalozidi hapo. Likiongezeka, ngozi inahusika. Lisipozidi hapo, na mwisho wa mwendo ni mgumu kama ukuta, elekea kwenye kiungo.

Linganisha pia mwendo ambao mgonjwa anaufanya mwenyewe na ule unaomfanyia wewe. Mfano ni kovu nyuma ya kiganja. Ukivinyoosha vidole vyake wewe vinanyooka, akivinyoosha mwenyewe vinabaki nusu, na kovu linazama: kano imeshikwa. Ikiwa vidole havikunji kwa namna zote mbili, lakini vinakunja zaidi unapokinyanyua kifundo cha mkono kuelekea nyuma, basi kilicho kifupi kiko nyuma ya kiganja, ngozi au kano. Rudia hatua ya kulegeza ngozi kuchagua kati ya hizo mbili. Mkao wa kifundo usipobadili chochote, viungo vya vidole vyenyewe vimekakamaa.

Hapa tuseme wazi jambo linaloleta mabishano. Kovu la kidole tumbo au la uzazi hulaumiwa kwa maumivu ya bega, ya shingo, hata ya kichwa. Usikubali wala usikatae kwa imani. Sogeza ngozi ya kovu upande unaogoma, ishikilie, mwambie arudie mwendo unaomuuma. Maumivu au mwendo ukibadilika papo hapo, na ukirudia mara tatu unabadilika tena, una sababu ya kulitibu. Usipobadilika, liache kovu la watu, shughulikia bega.

Kuandika

Tumia kipimo kinachojulikana ili mwenzako wa hospitali nyingine akuelewe. Kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990 kina mambo manne: damu kwenye kovu 0 hadi 3, rangi 0 hadi 2, ulaini 0 hadi 5, na mwinuko 0 hadi 3, ambapo 1 ni chini ya milimita 2, 2 ni milimita 2 hadi 5, na 3 ni zaidi ya hapo. Jumla ya juu ni 13. Kwenye ngozi nyeusi alama za damu na rangi hazitegemewi sana, kwa hiyo usiandike jumla peke yake; andika kila alama, na ulaini uupe uzito. Ongeza muwasho na maumivu kwa namba 0 hadi 10 kutoka kinywani mwa mgonjwa, kwa sababu kipimo hiki hakivihesabu. Chora umbo la kovu kwenye nailoni angavu iliyosafishwa, andika tarehe, hifadhi kwenye faili. Wiki 6 baadaye weka nailoni ileile juu yake, na hakuna atakayebishana kama limekua au la.

Pale usipogusa

Kidonda kilicho wazi, gaga ambalo halijabanduka, usaha, harufu, homa, au kingo zinazoachana: hapana masaji, mpeleke kwa daktari. Mguu uliovimba upande mmoja, wa moto na unaouma kwenye shavu la mguu baada ya upasuaji, usiukande. Huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Baka lililopauka kuliko ngozi jirani na lisilohisi pamba, hasa likiambatana na neva nene unayoipapasa nyuma ya kiwiko, ni ukoma hadi ithibitike vinginevyo. Dawa zake zipo na hutolewa bure, na kuchelewa kunagharimu vidole. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Buruli nchini Uganda na ambacho kipo pia Kongo, huanza kama uvimbe usiouma na kuacha makovu makubwa yanayokunja kiwiko na goti. Mgonjwa wake aanze mkao na mazoezi akiwa bado kwenye antibiotiki, asisubiri kidonda kifunge.

Halafu kuna kovu la zamani la moto, la miaka kumi, ishirini au zaidi, linalofunguka kidonda kisichopona kwa miezi 3, chenye kingo nene zilizoinuka. Huweza kuwa saratani. Mwandikie barua leo hii akatolewe kinyama kipimwe, usimpe miadi ya masaji.

Masaji ya kovu

Anza wakati kovu limefunga kabisa, nyuzi zimetoka, hakuna gaga: kwa mshono wa kawaida ni kama wiki 2 hadi 3 baada ya kutoa nyuzi, kwa kovu la uzazi, wiki ya 6 kwenda mbele, kwa ngozi iliyopandikizwa, baada ya daktari kusema imeshika imara, mara nyingi wiki 4 au zaidi. Kabla ya hapo unaweza kusogeza ngozi nzima iliyo kandokando kwa wepesi.

Paka kidogo mafuta ya mgando yasiyo na manukato au mafuta ya nazi. Mengi yanakufanya uteleze juu ya kovu badala ya kulisogeza. Sukuma upande uliogoma kwenye uso wa saa, shikilia sekunde 20 hadi 30 hadi uhisi linalegea, achia, rudia mara 5. Kisha fanya miduara midogo, kisha inua na viringisha. Jumla dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, miezi 3 hadi 6. Kipimo cha nguvu ni kucha yako: ibadilike kuwa nyeupe kwa mkandamizo. Mgonjwa ahisi kuvutwa, asihisi kuchanika.

Dakika hizo nyingi zitafanyika nyumbani, hivyo usimruhusu aondoke kabla hajakuonyesha kwa mikono yake. Kosa la kawaida ni kusugua haraka mbele na nyuma kama anayeondoa doa. Kovu changa la moto lisuguliwapo hivyo hutoa malengelenge, kwa sababu tabaka la juu bado halijashika vizuri. Likitoka lengelenge, acha sehemu hiyo hadi ikauke, endelea pembeni.

Ushahidi wa masaji ya kovu si mzito. Masaji husaidia muwasho, maumivu na mtelezo kwa baadhi ya wagonjwa; usiahidi kwamba kovu litafutika.

Kunyoosha na mkao baada ya kuungua

Maji ya moto, uji, chai na mafuta ya taa hujaza wodi, na wengi wao ni watoto. Mkao unaompa mtoto nafuu, amejikunyata, kidevu kifuani na mikono imekumbatia kifua, ndio mkao utakaomlemaza. Kuanzia siku ya kwanza weka hivi: shingo imenyooka bila mto, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya mabega, kwapa limefunguliwa digrii 90 na mkono umeletwa mbele kidogo ili neva zisivutwe, kiwiko kimenyooka, kiganja kikitazama juu, kifundo cha mkono kimeinuliwa digrii 20 hadi 30, nyonga na magoti yamenyooka, miguu imeachana kidogo, wayo umesimama digrii 90. Mkono ulioungua kwa juu una mkao wake: vifundo vya chini ya vidole vimekunjwa digrii 70 hadi 90, vidole vyenyewe vimenyooka, gumba limewekwa mbali. Banzi la hogo (plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika) lililowekewa pamba linatosha. Kagua ngozi chini yake kila zamu.

Katika kunyoosha, kovu husikiliza muda kuliko nguvu. Vuta taratibu hadi ling'ae na kukaza, shikilia sekunde 30 hadi dakika nzima, mara 5 hadi 10, vipindi 3 au zaidi kwa siku, kisha fungia kile ulichokipata kwa banzi la usiku. Kumvuta mtoto anayepiga kelele kwa sekunde 5 kunachana tishu, kunaleta uvimbe, na uvimbe unaleta kolajeni mpya. Mpe kitu cha kufikia: embe juu ya rafu, maputo, mpira. Kovu likivuka viungo viwili, vinyooshe vyote kwa pamoja.

Ngozi iliyopandikizwa hupumzishwa kama siku 3 hadi 5 mkononi na 5 hadi 7 mguuni, kwa maelekezo ya mpasuaji. Mguu usimamishwe ukiwa umefungwa bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, la sivyo damu inashuka na kuibandua ngozi mpya. Ngozi hiyo mara nyingi haitoi mafuta wala jasho. Ipakwe mafuta kila siku.

Plasta, silikoni na nguo ya kubana

Kwa mshono mwembamba wa mstari, kitu cha bei nafuu ni plasta ya karatasi. Ibandike kwa urefu juu ya kovu, ikae siku kadhaa hadi ilegee yenyewe, rudia kwa wiki 6 hadi 12. Inapunguza mvutano, ambao ndio chakula cha kovu nene.

Karatasi ya silikoni huvaliwa saa 12 hadi 24 kwa siku, angalau miezi 2 hadi 3. Pwani tatizo ni jasho: vipele vinatokea na mgonjwa anaitupa. Anza saa 4 kwa siku, ongeza saa 2 kila siku chache, na karatasi na ngozi vioshwe kwa sabuni laini kila siku vikaushwe kabisa.

Nguo ya kubana hulenga mkandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, saa 23 kwa siku hadi kovu likomae, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi. Fundi cherehani mzuri anaweza kuishona kwa kitambaa cha kuvutika akipunguza vipimo kwa asilimia 10 hadi 20. Mashimo ya mwili kama katikati ya kifua hayafikiwi na mkandamizo, hivyo jaza sponji. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, imebana mno. Zishonwe mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Keloidi haina tiba ya mkono. Kazi yako ni kulinda mwendo, kubandika silikoni, na kumpeleka kwa daktari wa ngozi kwa sindano za steroidi ndani ya kovu. Mwonye kuhusu kuikata tu bila tiba nyingine, kwa sababu hurudi mara nyingi.

Kovu lisilovumilia kuguswa

Kovu linalochonyota hata kwa upepo wa feni huzoeshwa kwa ngazi. Anza na pamba au hariri, kisha kanga iliyozoea kufuliwa, kisha taulo, kisha kitambaa kigumu. Kila kimoja dakika 2 hadi 5, mara 4 kwa siku. Panda ngazi pale inayofuata inapovumilika. Muwasho wa usiku upigwe kwa kiganja badala ya kukunwa, upakwe mafuta, upozwe kwa kitambaa chenye maji ya baridi. Ukizidi 6 kati ya 10, daktari ampe dawa.

Kovu lisilohisi lina hatari ya upande mwingine. Kabla ya kuweka kifurushi cha joto, chukua chupa mbili ndogo, moja ya maji ya digrii 40 hivi, nyingine ya maji baridi, uguse bila mpangilio huku amefumba macho. Asipotofautisha, joto haliwekwi hapo. Elektrodi (vibandiko vya mashine ya tiba ya umeme) nazo zibandikwe kwenye ngozi nzima. Penye ufa umeme hukusanyika na kuunguza.

Kovu la upasuaji wa uzazi

Mkato wa kulala chini ya kitovu, uliopewa jina la Pfannenstiel aliyeueleza mwaka 1900, hupita tabaka kadhaa, na ganzi juu ya kovu ni ya kawaida kwa miezi. Mwambie mama mapema ili asishtuke. Akiwa amelala chali magoti yamekunjwa, pima uso wa saa kama kawaida, kisha mwambie ainue kichwa: kovu likivutwa ndani upande mmoja, anzia hapo. Wiki za mwanzo mfundishe kushikilia mshono kwa mto anapokohoa na kujigeuza ubavu kabla ya kuinuka. Tumbo linaloning'inia juu ya kovu hushika jasho, kwa hiyo kukausha vizuri baada ya kuoga ni sehemu ya tiba.

Ufuatiliaji

Mtu mzima aonwe kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki 2, kisha kila mwezi hadi kovu lipoe, lilainike na mwendo usibadilike kwa miezi 3. Kovu changa likae mbali na jua, chini ya kanga au mikono mirefu, kwa sababu jua hulitia weusi unaodumu.

Mtoto ana hesabu nyingine. Mifupa inarefuka, kovu halirefuki kwa kasi hiyo, na kwapa lililofunguka vizuri akiwa na miaka 4 linaweza kujifunga akiwa na 7 bila kidonda chochote kipya. Mfundishe mzazi kipimo kimoja cha nyumbani: kila shule zinapofungwa, mtoto asimame ubavu ukigusa ukuta, visigino chini, ainue mkono ulioungua kadiri awezavyo, na penseli ichore mstari kwenye ncha ya kidole cha kati. Ageuke, mkono wa pili uchorwe pia. Mistari ikiachana kuliko mara iliyopita, arudi kliniki bila kusubiri miadi.